Digrii Sifuri Magwagwa

Magwagwa kuna baridi, lakini si baridi ya barafu. Asubuhi za Juni na Julai ukungu hupanda kutoka upande wa mto Sondu, watu huvaa sweta mbili na marvin, na chai hunywewa ikiwa bado inachoma ulimi. Hata hivyo sijawahi kuona maji yameganda kwenye ndoo. Ndiyo maana nilishangaa laptopu ya shangazi yangu ilipoanza kudai kwamba prosesa yake ina joto la digrii sifuri. Si mara moja. Kila ikilazwa na kuamshwa: sifuri. Ukiizima kabisa na kuiwasha upya inasema 47, 52, 61, kama mashine yenye akili zake. Ilaze tena, iamshe tena: sifuri.

Sifuri hiyo haikuzaliwa Magwagwa. Ukoo wake una karibu miaka thelathini, na nimejaribu kuufuata nyuma hadi ulikoanzia. Njiani nimekutana na kampuni tatu zilizokaa pamoja mwaka 1996, baruapepe moja ya Bill Gates, tumbili mmoja wa Gitaru, na mitumba mingi sana. Nimebaki na jambo moja la kusema: laptopu ikiamka na joto la uongo, mara nyingi kihisi chenyewe ni kizima. Kilichovunjika ni makubaliano kati ya wale wanaopaswa kukiuliza. Na gharama ya makubaliano hayo hulipwa na mtu wa mwisho kwenye foleni, ambaye mara nyingi ni sisi.

Mlinzi wa usiku

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopima. Ndani ya laptopu hakuna themomita ya zebaki kama ile ambayo manesi walikuwa wakitutia kwapani. Kuna kipande kidogo cha silikoni, dayodi, kinachopitisha umeme. Tabia yake ni hii: kikipata joto, volteji yake hushuka, kama milivolti 2 kwa kila digrii moja. Ukipima volteji, umejua joto. Basi.

Katika miaka ya 1990 kampuni ya Marekani, National Semiconductor, ilikuwa ikiuza chipu iliyoitwa LM75, iliyosoma joto na kulituma kama namba kupitia nyaya mbili tu. Kufikia enzi za Pentium III, dayodi ya kupima joto ilikuwa ndani ya prosesa yenyewe. Na kuanzia prosesa za Intel Core za mwaka 2006, kihisi kikawa cha kidijitali, chenye desturi ya ajabu kidogo: hakisemi "nina digrii 60". Kinasema "nimebakiza digrii 40 nifike mwisho wangu." Programu ndiyo hutoa hesabu.

Lakini namba hiyo haikufikii moja kwa moja. Kwenye laptopu nyingi kuna chipu nyingine ndogo katikati, ambayo watu wengi hawajawahi kusikia jina lake. Ndiyo inayosimamia kibodi, betri, chaja, kifuniko na feni. Laptopu ikilala, chipu hii hubaki macho kwa umeme kidogo sana. Ndiyo inayojua kwamba umefungua kifuniko na sasa watu wote waamshwe. Nitaiita mlinzi, kwa sababu ndiyo kazi yake: hulinda usiku, hushika funguo, na asubuhi huulizwa habari za nyumba.

Feni ya laptopu hufuata anachojua mlinzi. Akisema nyumba ina joto, feni huzunguka. Akisema digrii sifuri, feni itazunguka kwa nini?

Jinsi mashine zilivyofundishwa kulala

Laptopu za kwanza hazikuwa na usingizi wa maana. GRiD Compass ya mwaka 1982 na Toshiba T1100 ya mwaka 1985 ziliwaka au zilizimwa. Usingizi ulikuja kuwa hoja betri zilipoanza kuaibisha wenye mashine kwenye mikutano. Mwaka 1992 Intel na Microsoft zilitoa utaratibu ulioitwa APM. Chini ya APM, mwenye uamuzi mkubwa alikuwa bayosi, ile programu iliyochomwa na mtengenezaji ndani ya mashine. Bayosi ingehesabu muda, ikaona hakuna anayegusa kibodi, ikalaza mashine. Windows ilijikuta mara nyingi kama mpangaji anayezimiwa taa na mwenye nyumba akiwa bado anapika.

Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa utaratibu mpya: ACPI. Huu ndio tunaoishi nao mpaka leo. Kiini chake kilikuwa kuhamisha mamlaka. Bayosi isiamue tena. Mfumo endeshi, yaani Windows, Linux na wenzao, ndio uamue nani alale, nani aamke, feni ianze lini, mashine izimwe ikifika joto gani.

Mkenya wa rika letu anaweza kuelewa jambo hili haraka kwa sababu ameona ugatuzi. Mwaka 2013 hospitali nyingi zilihama kutoka mikononi mwa Nairobi kwenda kwa kaunti, Nyamira ikiwemo. Mamlaka yalihama kwa sheria. Mafaili, funguo, na wale watu wanaojua dawa zimewekwa kabati gani hawakuhama kwa kasi hiyo. ACPI ilikuwa hivyohivyo, ila ilienda kinyume: mamlaka yalitoka mashinani yakapelekwa makao makuu, huku ujuzi ukibaki mashinani. Mfumo endeshi ukawa mkubwa wa wote, lakini mahali hasa joto linapohifadhiwa kwenye aina fulani ya laptopu palibaki kujulikana na mhandisi aliyeitengeneza.

Daraja lililojengwa kati yao lilikuwa maandishi. Kila laptopu hubeba ndani yake orodha ya maagizo mafupi yaliyoandikwa na mtengenezaji. Mfumo endeshi ukitaka joto, huendesha agizo linaloitwa _TMP. Ukitaka kujua kikomo cha kuzima mashine kwa usalama, kuna _CRT. Mashine ikitoka usingizini, kuna _WAK, ambalo hutakiwa kurekebisha kila kitu kilichovurugika wakati wa kulala. Mfumo endeshi huyaendesha maagizo haya bila kujua yaliandikwa na nani, saa ngapi za usiku, kabla ya bidhaa kutolewa sokoni kesho yake.

Hapo ndipo sifuri ya shangazi ilipojificha. Kanuni za ACPI zinataka joto litolewe kwa sehemu za kumi za Kelvin. Digrii sifuri ya Selsiasi, kwa hesabu hiyo, ni 2732. Agizo la mtengenezaji huchukua namba ya mlinzi, huizidisha kwa kumi, huongeza 2732, na kuipeleka juu. Sasa fikiria mlinzi ndiyo kwanza anafungua macho, rejista yake ya joto bado haina kitu. Anaulizwa. Anatoa 0. Agizo linapiga hesabu: 0 mara 10, jumlisha 2732. Mfumo endeshi unarudisha hesabu nyuma na kuandika kwenye kioo: digrii sifuri. Hesabu ni sahihi kabisa. Jibu ni uongo.

Sekunde mbili za kuamka

Usingizi wa kawaida wa laptopu za miaka ile, ambao ACPI inauita S3, ni karibu na kifo. Prosesa haina umeme. Feni haina umeme. Kinachobaki hai ni RAM, inayoshikilia kazi zako zote, na mlinzi wetu. Ukifungua kifuniko, prosesa huanza kama mtoto mchanga: haijui ilikuwa wapi. Bayosi huikumbusha mambo machache, kisha huirusha ndani ya mfumo endeshi katikati ya sentensi iliyokatizwa jana. Mfumo endeshi huendesha _WAK, halafu huanza kuamsha draiva moja baada ya nyingine.

Yote haya huchukua sekunde mbili au tatu, na ndani yake kuna njia nyingi za kukosana. Nitataja tatu.

Ya kwanza ni kuuliza mapema mno. Mfumo endeshi unataka joto kabla mlinzi hajaanza tena kuzungumza na prosesa. Unapata sifuri.

Ya pili ni jibu la zamani. Mlinzi alihifadhi namba ya mwisho kabla ya kulala, tuseme 78, na hakuna aliyemwambia apime upya. Mashine imelala usiku kucha, imepoa kama jiwe la kusagia, lakini inaamka ikiamini ina 78 na feni inapiga kelele. Au kinyume chake: ililazwa ikiwa na 40, sasa inafanya kazi nzito, na namba bado ni 40.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: takataka. Mlinzi hajajibu, na mahali pa jibu pamejazwa na namba yoyote iliyokuwa kwenye waya. Kwa kompyuta, waya usio na mtu mara nyingi husomeka 255, namba kubwa kuliko zote katika baiti moja. Mfumo endeshi unaona digrii 255. Unaangalia _CRT, unaona kikomo ni 100 hivi. Unafanya kile ambacho umeagizwa: unazima mashine papo hapo kuokoa maisha yake. Mwenyewe anaona laptopu imeamka, imeonyesha kioo sekunde tano, imekufa. Anaiwasha, inawaka vizuri. Anailaza, anaiamsha, inakufa.

Kwa haki, lazima niseme pia kwamba sifuri peke yake haichomi prosesa. Somo hilo lilifundishwa hadharani Septemba 2001, tovuti ya Tom's Hardware ilipotoa video ya prosesa zikiondolewa chuma cha kupozea zikiwa kazini. Prosesa za AMD Athlon zilitoa moshi. Pentium 4 ilipunguza mwendo tu, na mchezo wa Quake III ukaendelea kwa kujikokota. Tangu hapo ulinzi wa mwisho ndani ya prosesa umekuwa kitu cha kutarajiwa: ikifika ukingoni hujipunguza mwendo au hujizima yenyewe bila kungoja ruhusa ya yeyote. Kwa hivyo laptopu ya sifuri haiungui leo. Inapika tu, feni ikiwa imelala, mpaka inakuwa nzito kama gari la ng'ombe kwenye matope. Na betri iliyo jirani ya joto hilo huzeeka haraka.

Wale waliouliza

Watengenezaji waliandika maagizo yao, wakayajaribu kwa Windows, yakafanya kazi vya kutosha, wakauza. Ikiwa Windows ya wakati huo ilikuwa ikisubiri kidogo kabla ya kuuliza joto, kosa la mlinzi aliyechelewa halikuonekana. Lilikaa humo kama ufa nyuma ya kabati.

Walioligusa kwanza mara nyingi walikuwa watu wa Linux, kwa sababu wao waliuliza kwa mpangilio mwingine. Na hapa historia inakuwa na siasa. Januari 1999 Bill Gates aliandikia wenzake wa Microsoft baruapepe akihoji kama nyongeza za ACPI haziwezi kufanywa kwa namna fulani kuwa za Windows. Hofu yake ilikuwa kwamba Microsoft na washirika wake wangefanya kazi yote, halafu Linux ifaidike bila kutokwa jasho. Barua hiyo ilitoka hadharani baadaye kupitia kesi ya Comes dhidi ya Microsoft huko Iowa. ACPI yenyewe haikufungwa. Tangu 2013 inasimamiwa na UEFI Forum, na yeyote anaweza kuisoma. Lakini kiwango kilichoandikwa na kiwango kinachojaribiwa kiwandani ni vitu viwili. Mpaka leo bayosi ikiuliza "wewe ni nani?", Linux hujibu kwamba ni Windows, kwa sababu njia iliyofanyiwa majaribio ni ile ya Windows. Ni kama kutaja jina la mtu mkubwa langoni ili askari akufungulie.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wapenzi wa Linux walianzisha mradi wa lm_sensors, wa kusoma vihisi vya mashine yoyote ile. Kazi yao ilikuwa kubisha kila mlango kwenye zile nyaya mbili na kusikiliza nani anaitika. Kwenye baadhi ya ThinkPad za IBM, mlango mmoja ulikuwa wa chipu ya kumbukumbu iitwayo 24RF08. Kubisha kwenyewe kuliivuruga, na baadhi ya mashine hazikuwaka tena. Mtu alitaka tu kujua joto, akaua laptopu. Tahadhari iliandikwa, programu ikarekebishwa, na tangu hapo waandishi wa draiva hujua kwamba kuuliza nako ni kitendo.

Kuna jambo moja dogo nalipenda katika historia hiyo. Draiva ya ThinkPad kwenye Linux, ikikuta kihisi ambacho hakipo, imekuwa ikionyesha −128. Hakuna binadamu atakayedhani laptopu yake ina baridi ya digrii 128 chini ya sifuri. Ni namba inayokiri: sina habari. Sifuri haikiri chochote. Sifuri inafanana na jibu.

Njia ya kwenda Magwagwa

Tuje nyumbani. Laptopu zilifikaje huku?

Mwaka 2002 shirika la Computers for Schools Kenya lilianza kukusanya kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa, na intaneti ikaanza kuwa kitu cha mtu wa kawaida. Mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa laptopu. Kufikia 2016, mpango ulipoanza kufika madarasani, zilikuwa zimegeuka tableti. Wakati ahadi hizo zikijadiliwa, laptopu zilizotufikia kwa kweli zilikuja kwa njia ileile ya jaketi na viatu: mtumba. Ofisi Ulaya hukodi mashine kwa miaka mitatu au minne, huzirudisha, huuzwa kwa mafungu, hushuka Nairobi, kisha Kisii mjini, kisha duka la pembeni ya soko lenye kibao cha "mpya kutoka Uingereza".

Ofisini kule, mashine hiyo ilikaa mezani imechomekwa kwenye umeme usiokatika. Ililala labda mara moja kwa siku. Ikipatikana kasoro ya bayosi, idara ya kompyuta ilituma sasisho usiku na mfanyakazi hakujua. Maisha ya pili ni tofauti. Hakuna idara. Sasisho linaweza kuwepo kwenye tovuti ya mtengenezaji tangu miaka mitatu iliyopita, na hakuna mkono unaolileta. Wakati huohuo mashine inalazwa mara kumi kwa siku, kwa sababu ya stima.

Stima kwetu ni hadithi ya kejeli. Mto Sondu, unaopita upande wetu ukielekea Ziwa Victoria, unaendesha mitambo ya Sondu-Miriu yenye megawati 60, na maji yakitoka hapo yanaendesha ya Sang'oro. Kuna mpango wa bwawa la Magwagwa lenyewe kwenye mto huohuo, chini ya Lake Basin Development Authority, ambao umezungumzwa kwa miaka mingi. Kwa hivyo umeme unatoka mlangoni kwetu. Lakini unaenda kwanza kwenye gridi ya taifa, na gridi ikikohoa sisi sote tunalala. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili alinusurika. Tarehe 25 Agosti 2023 ikawa hivyo tena, bila tumbili, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa kwenye giza. Hizo ni zile zilizofika kwenye habari. Zile za mvua ya saa tisa na mti ulioangukia waya haziandikwi popote.

Mtu anayeishi na stima ya aina hiyo hujifunza kufunga kifuniko. Unafanya kazi nusu saa, unalaza mashine kuokoa betri, unapokea simu, unaamsha. Kasoro ambayo mwenye laptopu wa kwanza aliiona mara mbili kwa mwaka na kuipuuza, mwenye laptopu wa pili anakutana nayo kabla ya chai ya saa nne. Mhandisi hakupanga iwe hivyo. Alipima mashine kwa maisha ya ofisi ile tu.

"Mwalimu, hii bodi imeenda"

Shangazi ni mwalimu. Laptopu yake aliinunua kwa shilingi 24,000, sehemu ikiwa mkopo wa sacco. Lazima ajaze TPAD, ile tathmini ya walimu ya TSC inayojazwa mtandaoni, na hujaza usiku kwa sababu mchana yuko darasani. Mashine ikiamka na sifuri, dakika ishirini baadaye ilikuwa moto kiasi cha kutowekwa pajani, na ukurasa mmoja ulichukua dakika tatu kufunguka. Mara mbili muda uliisha kabla hajatuma, akaanza upya.

Fundi aliifungua, akaipuliza vumbi, akabadilisha pesti ya prosesa, akaijaribu. Kwa kuwa aliiwasha kutoka kuzimwa kabisa, ilifanya kazi. Nyumbani ikarudia. Aliporudishiwa mara ya pili alitoa hukumu.

"Mwalimu, hii bodi imeenda."

"Imeenda wapi, fundi, na bado inawaka?"

"Kihisi kiko ndani ya prosesa, prosesa imechomewa kwenye bodi. Ukitaka kihisi, unanunua bodi. Elfu kumi na nne, na kazi yangu tutaongea."

Fundi huyu hakuwa mwizi. Alichosema kuhusu mahali kihisi kilipo ni kweli kabisa. Alijifunza kazi kwa kuangalia wengine, na kazi hiyo inafundishwa kwa vitu vinavyoshikika: bodi, RAM, skrini, chaja. Kasoro inayoishi katika sekunde mbili kati ya usingizi na kuamka haina harufu ya kuungua. Huwezi kuigusa kwa mita. Na hakuna mtengenezaji aliyemwandikia fundi wa Nyamira karatasi inayosema: ukiona sifuri baada ya kulala, usinunue bodi.

Ushahidi ulikuwa kwenye ile tabia yenyewe. Kihisi kilichokufa hakifufuki kwa kuzima na kuwasha. Hiki kilifufuka kila mara. Nilitafuta jina la mashine kwenye tovuti ya mtengenezaji, nikakuta sasisho la bayosi lenye mstari mmoja kwenye maelezo yake: kurekebisha usomaji wa joto baada ya usingizi. Lilikuwa limetolewa zaidi ya miaka miwili kabla ya shangazi kuinunua mashine. Tulilipakua kwa data ya simu, tukangoja betri ijae kabisa, tukachomeka na chaja, kwa sababu stima ikikatika katikati ya kuandika bayosi hapo ndipo bodi inaenda kweli. Dakika saba. Shangazi aliomba kimya. Mashine iliwaka, tukailaza, tukaiamsha: 44.

Shilingi 14,000 zilibaki kwenye sacco. Lakini mimi nilibaki nikihesabu kitu kingine: bodi ngapi nzima zimeng'olewa kati ya Keroka na Sondu, zikatupwa kwenye gunia la taka za kielektroniki, kwa sababu ya mstari mmoja ambao haukusafiri pamoja na mashine? NEMA ilitoa mwongozo wa taka hizi mwaka 2010. Mwongozo unajua kuhusu risasi na zebaki. Hauwezi kujua kuhusu bodi iliyotupwa ikiwa hai.

Usingizi wa bandia

Unaweza kusema hizi ni shida za mashine kuukuu, zitaisha. Historia inaelekea kwingine. Mwaka 2012 Windows 8 ilileta usingizi wa aina mpya, na Windows 10 ikaupanua mwaka 2015 kwa jina la Modern Standby. Wazo lilikuwa laptopu ilale kama simu: kioo kimezimwa, lakini ndani kuna anayepokea baruapepe. Kuanzia mwaka 2020 hivi, laptopu nyingi mpya zilianza kuja bila ule usingizi wa zamani wa S3 kabisa.

Kwa hiyo sasa mashine "iliyolala" inaweza kuamka ndani ya begi, kwenye matatu, ikaanza kupakua sasisho huku feni ikibanwa na vitabu. Watu wengi duniani wametoa laptopu begini wakaikuta moto na betri tupu. Zamani kosa lilikuwa sekunde mbili za kuamka. Siku hizi mpaka wa kulala na kuamka wenyewe umefutwa, na mlinzi, maagizo na mfumo endeshi wanapaswa kuelewana usiku kucha. Mashine za 2020 zimeshamaliza mikataba ya ofisi Ulaya. Ndizo zinazoshuka sokoni kwetu sasa.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba hili ni suala la nani ana wajibu. Mwaka 1996 kampuni tatu ziligawana mamlaka vizuri kwenye karatasi, lakini hazikuandika nani ataendelea kumtunza mlinzi mashine ikibadilisha mikono. Mtengenezaji anamhesabu mnunuzi wa kwanza. Muuzaji wa mtumba anahesabu RAM na diski. Fundi anahesabu bodi. Anayebaki na namba ya uongo kwenye kioo ni mwalimu mwenye tathmini ya kutuma kabla ya saa sita usiku.

Kwa hivyo ukienda kununua, usiulize RAM peke yake. Ingia kwenye ukurasa wa bayosi usome tarehe yake, kisha uilinganishe na ile ya karibuni kwenye tovuti ya mtengenezaji. Halafu funga kifuniko dakika tano, ufungue, uipe kazi nzito, na usikilize kama feni imeamka pamoja na wengine. Muuzaji atakuona msumbufu. Mwache akuone hivyo.